Jimbo limenifutia kesi ya bangi, mbona bado naogopa kupanda ndege?

Shikamoo Mama Mshauri.

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, mzaliwa wa Tanga, nina mke na watoto wawili. Nilikuja Marekani mwaka 2009 kwa bahati nasibu ya viza, na tangu hapo naishi mji mmoja karibu na Chicago. Kazi yangu ni kuendesha foklifti ghalani, zamu ya usiku. Nakuandikia saa kumi alfajiri nikiwa ndani ya gari nje ya nyumba yangu mwenyewe, maana haya siwezi kuyaandika mezani mke wangu akanikuta.

Novemba 2012, kabla sijaoa, nilisimamishwa na polisi kwa sababu taa moja ya nyuma ya Corolla yangu ilikuwa imekufa. Askari akasema anasikia harufu. Kwenye mfuko wa mlango kulikuwa na kifuko cha nailoni chenye bangi. Sitakwambia ilikuwa ya rafiki, ilikuwa yangu. Walipima, ikawa gramu 12. Nililala mahabusu usiku mmoja, wakanipiga picha na alama za vidole.

Mahakamani nilipewa wakili wa bure. Tuliongea koridoni, labda dakika tano. Akasema nikubali kosa, hakimu atanipa uangalizi wa mahakama wa miezi 12, nilipe faini, na nikimaliza bila tatizo kesi inaondolewa, sitahesabiwa kuwa nimetiwa hatiani. Hakuniuliza nimezaliwa wapi. Nilikubali, nikalipa, nikamaliza. Karatasi ya njano niliyopewa nikaiweka kwenye kopo la Blue Band pamoja na vyeti vyangu. Mwaka 2018 maji yaliingia chini ya nyumba na kopo lote likalowa. Namba ya kesi nusu haisomeki.

Tangu 1 Januari 2020 bangi ni halali Illinois. Duka lake liko mkabala na benki yangu. Mwezi uliopita nilimwona mzee mmoja mwenye mkongojo akitoka na kifuko cha karatasi na risiti mkononi, kama mtu aliyetoka famasi. Nikakaa kwenye gari namwangalia mpaka akapotea. Mimi kwa gramu 12 nililala ndani. Leo sheria ya hapa inamruhusu mkaazi kuwa na gramu 30.

Nikasikia kuna siku ya msaada wa kisheria wa bure maktaba ya mjini, wanasaidia watu kufuta kesi za zamani za bangi. Nikaenda. Mwanasheria kijana, dada mchangamfu sana, akaniambia rekodi za polisi za kesi kama yangu zilitakiwa zifutwe zenyewe kwa mujibu wa sheria mpya, kilichobaki ni kuomba faili la mahakama nalo lifutwe. Akaanza kujaza fomu. Halafu akauliza, “Wewe ni raia?” Nikasema hapana, nina grini kadi. Kalamu ikasimama. Akasema, “Usisaini kwanza. Na usisafiri. Muone mwanasheria wa uhamiaji.” Fomu ile ninayo mpaka sasa, iko chini ya kiti cha gari.

Nilipowauliza wenzangu kijiweni kwa kinyozi, nikisema ni habari ya jamaa yangu, wote walicheka. Mmoja ambaye huwajazia watu fomu kwa dola 150 akasema kesi ikifutwa haipo, kwenye fomu ya uraia unajibu “hapana” unasonga mbele. Na kweli mwaka 2016 nilikwenda Tanga kumzika baba, nikarudi, pale uwanja wa ndege hakuna aliyeniuliza kitu.

Sasa mama amepigwa na kiharusi. Upande wa kushoto wote hauna kazi, sikio la kushoto halisikii. Dada yangu ananipigia kila Jumapili, ananiambia “njoo umuone angali anakujua.” Ndugu zangu wanaamini nimekuwa Mzungu. Mke wangu, ambaye ni mtu wa Unguja na alipata uraia mwaka 2019, ananiuliza kila mwaka kwa nini mimi siombi. Nasema pesa, nasema kazi. Wiki iliyopita ameifungua fomu kwenye kompyuta, amenijazia jina na anwani, anasema anilipie ada iwe zawadi. Hajui lolote kuhusu 2012. Baba yake ni maalimu anayeheshimika na katika nyumba yao neno bangi halitamkwi. Akijua, najua ameniacha.

Mama, niifute kesi au niiache? Nijibu “hapana”? Nipande ndege? Na je, huyu mke nimwambie au nife na yangu?

Wako,
Niliyekwama, Illinois

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguliwa na mama.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya tatu nilimsomea mwanasheria wa uhamiaji ninayemwamini, kwa sababu mimi kazi yangu ni watu, sheria naijua ya kusikia. Haya ya kisheria ninayokuandikia yametoka kwake. Yachukue kama ya kukuandaa kwa maswali utakayomuuliza mwanasheria wako, maana yeye atayaona makaratasi na mimi sijayaona.

Unaniuliza mambo manne, lakini nikiyashika yote naona yana mzizi mmoja. Umeambiwa jambo lako limefutwa, na bado unaishi kama mtu aliyefichama. Nilidhani ni woga tu. Nilipoelezwa sheria nikakuelewa. Woga wako una akili.

Wewe ni mtu wa Tanga, Mangi wa dukani unamjua. Tuseme ulikopa unga, akakuandika kwenye daftari lake. Miaka ikapita, Mangi akaona aibu kuwadai maskini wa mtaa, akachana kurasa zote. Amefanya vizuri. Lakini siku ile ulisaini pia kwenye kitabu cha mwenye ghala la jumla, na yule hajachana chochote. Illinois ndiye Mangi. Imechana kwelikweli: siku moja tu kabla sheria mpya haijaanza, tarehe 31 Desemba 2019, gavana alisamehe hukumu ndogondogo za bangi 11,017 kwa mkupuo. Mwenye ghala ni serikali ya shirikisho huko Washington, na mambo ya uhamiaji yote yako kwenye kitabu chake. Sheria yake ya mwaka 1970 bado inaihesabu bangi kuwa dawa iliyodhibitiwa, hata kama duka liko mkabala na benki yako na linalipa kodi. Ndiyo maana kalamu ya yule dada ilisimama. Mungu ambariki, wengi wangeendelea kuandika.

Sasa niruhusu niyaguse baadhi ya mambo unayoyasema kama mtu mwenye uhakika.

Unasema hukutiwa hatiani. Kwa Illinois ni kweli, na kwenye fomu za kazi ukijibu hivyo hujadanganya. Lakini tangu mwaka 1996 sheria ya uhamiaji ina maana yake yenyewe ya neno hilo. Ukishakubali kosa mbele ya hakimu, na hakimu akakuwekea adhabu au masharti yoyote, kwao umetiwa hatiani. Ule uangalizi wa miezi 12 na ile faini vinatosha. Kufutwa baadaye kwa sababu ya huruma, au kwa sababu sheria ya jimbo imebadilika, hakubadilishi hesabu yao. Wakili wako wa koridoni alikwambia ukweli wa mahakama moja, akasahau kuwa kuna nyingine.

Unasema 2016 ulipita salama. Nafurahi kwamba ulimzika baba yako. Lakini afisa asiyekuuliza hajakusamehe, siku ile hakuuliza tu. Alama za vidole ulizopigwa usiku ule wa mahabusu huwa zinapelekwa FBI, na Illinois ikifuta kwake si lazima na huko kufutike. Ukiwa umeshatoka nje ya nchi na una kosa la dawa za kulevya, grini kadi yako haikulindi pale mlangoni kama ulivyozoea. Wanaweza kukuchukulia kama mtu anayeomba kuingia upya, wakakuzuia, wakakufungulia kesi ya kuondolewa. Sikutishi. Hii ndiyo sababu uliambiwa “usisafiri” na mtu aliyekujua kwa dakika 20.

Hapa ndipo pana jambo la ajabu ambalo mwenyewe nililazimika kuelezwa mara mbili. Ukiwa umekaa humu ndani, sheria hiyohiyo inakuachia nafasi: kosa moja tu la kukutwa na bangi ya matumizi yako mwenyewe, gramu 30 au pungufu, halikufanyi uwe wa kufukuzwa. Gramu zako 12 zimo. Kwenye uraia pia, mtu huangaliwa zaidi tabia yake ya miaka mitano ya mwisho, ingawa afisa anaruhusiwa kuchungulia nyuma yake, na hata huko kosa moja la gramu 30 kushuka chini lina nafuu yake. Basi mtu mmoja, kosa moja: akikaa hana shaka kubwa, akipanda ndege ana shaka. Nani angelijua hilo kijiweni kwa kinyozi?

Lakini nafuu hiyo yote inategemea namba moja, 12. Na namba hiyo imeandikwa wapi? Ilikuwa kwenye ripoti ya polisi, ambayo kwa maelezo yako huenda imeshafutwa. Iko kwenye karatasi ya njano iliyolowa. Na iko, tunaomba Mungu, kwenye faili la mahakama, lile unalotaka lifutwe. Kwa Illinois faili likifutwa jina lako linaondolewa kwenye orodha na lenyewe linafungiwa, kulitoa tena ni mpaka hakimu aamuru. Umeona? Karatasi unayotamani ichomwe ndiyo inayosema ulikuwa na gramu 12 na si kilo 12. Afisa wa uraia atakuomba nakala yake. Ukimwambia imefutwa, hatasema “haya, pita.” Atasema ulete ushahidi kwamba kosa lilikuwa dogo.

Kwa hiyo swali la kufuta au kuacha, naona limekaa upande. La mbele yake ni hili: je, unazo nakala? Zile zenye muhuri wa karani wa mahakama, za hati ya mashtaka na za jinsi kesi ilivyokwisha, na chochote chenye uzito wa ile bangi. Chukua tatu, moja umwachie mwanasheria. Namba ya kesi isiposomeka, karani hutafuta kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Huhitaji kumweleza kwa nini. Unaweza pia kuomba FBI wenyewe wakuonyeshe walichonacho juu yako. Ada yake ni dola 18 na alama za vidole. Afadhali ukione wewe kabla hakijaonwa na afisa.

Baada ya hapo, kufuta kuna faida zake na sitazibeza. Mwenye nyumba anayechunguza wapangaji, mwajiri mpya, hata shule ya mtoto wakikuomba uende ziara na darasa lake: hao wote wanasoma daftari la Mangi. Wapo wanasheria watakaokwambia futa ukishakuwa na nakala, wapo watakaosema subiri mpaka uapishwe. Muulize wako sababu, siyo jibu tu.

Muulize na lingine. Mwaka 2010, tarehe 31 Machi, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya dereva wa lori aitwaye Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras, aliyekuwa mkaazi halali kwa zaidi ya miaka 40 na aliyetumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Alikamatwa Kentucky na shehena ya bangi, wakili wake akamwambia asijali uhamiaji kwa kuwa amekaa nchini siku nyingi. Mahakama ikasema wakili ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia kuwa kukubali kosa kunaweza kumfukuzisha. Wewe ulikubali kosa miaka miwili baada ya uamuzi huo, na hukuulizwa hata umezaliwa wapi. Hukumu inayotenguliwa kwa kasoro ya kisheria kama hiyo, uhamiaji huiheshimu, tofauti na inayofutwa kwa huruma. Sikupi tumaini la bure. Milango ya kurudisha kesi ya zamani ina muda wake na mingi hufungwa adhabu ikishaisha. Lakini muulize, na umsimulie ile korido kama ulivyonisimulia mimi.

Sasa bwana wa dola 150. Huyu nitamsema kidogo. Fomu N-400, ile ya kuomba uraia, inauliza kama umewahi kukamatwa au kushtakiwa, na inasema waziwazi utaje hata kama rekodi imefutwa au imefungwa, hata kama hakimu au wakili alikwambia huna rekodi tena. Yaani waliotunga swali walimfikiria mtu kama wewe. Gramu 12 za mwaka 2012 zinaweza kuelezeka. “Hapana” ya mwaka huu, uliyoisaini na kuiapia, inakuwa jambo jipya, la tabia, ndani ya ile miaka mitano, na inaweza kukuandama hata ukishapewa uraia. Na ikiharibika, yeye jina lake halimo kwenye fomu. Kama pesa ya wakili ni tatizo, zipo taasisi zenye wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, wanaotoza kidogo au hawatozi. Waulize walewale wa maktaba.

Na hilo duka mkabala na benki, mwanangu, hukuniambia kama umewahi kuingia, nami sikuulizi hapa hadharani. Tangu 2019 Idara ya Uraia na Uhamiaji imeandika kuwa kutumia bangi au kuajiriwa kwenye biashara yake kunaweza kumharibia mwombaji uraia hata pale jimbo limehalalisha. Peremende zile za kutafuna zenye bangi nazo zimo. Likitajwa kwenye usaili, ungamo lenyewe linaweza kuwa kesi. Yaliyopo mwambie mwanasheria kabla ya afisa, mlango ukiwa umefungwa.

Turudi Tanga. Najua hapa ndipo panapouma.

Naona njia tatu, kila moja na mwiba wake. Unaweza kuomba uraia kwanza, ukiwa na nakala zako na mwanasheria, usafiri ukiwa na pasi ya Marekani. Ni njia yenye utulivu zaidi barabarani, ila ina miezi mingi ndani yake na mama hajaahidi miezi. Tena kuomba ni kujiita mezani mwenyewe. Faili lako litafunguliwa na kusomwa lote, kwa hiyo usitume kabla mwanasheria hajaliona. Unaweza kusafiri sasa, ukijua unachohatarisha. Wako watu waliochagua hivyo kwa ajili ya mzazi na mimi siwezi kuwaita wajinga. Mwanasheria anaweza kukutayarishia makaratasi ya kubeba, na upo msamaha maalumu ambao mtu mwenye kosa moja la gramu 30 au pungufu anaweza kuuomba akizuiwa, akionyesha jinsi mke au watoto wenye uraia watakavyoteseka, au kama miaka 15 imepita tangu kosa na amejirekebisha. Yako inatimia Novemba 2027. Lakini ni msamaha wa kuomba, anayeutoa anaweza kukataa, na unaweza kuusubiri ukiwa kizuizini huku watoto wanauliza baba yuko wapi.

Njia ya tatu hukuitaja. Mkeo ana pasi ya Marekani. Anaweza kwenda yeye na mtoto mmoja, wakae na mama wiki mbili, wamwogeshe, wampake mafuta, akuoneshe kwa simu uso kwa uso. Mama mkwe kuuguzwa na mkamwana aliyepanda ndege kutoka Marekani, Tanga nzima itasema. Haiwi sawa na kumshika mkono wewe mwenyewe, najua. Nayo ina mwiba wake: kabla hajafunga sanduku atakuuliza kwa nini huendi wewe.

Basi tumefika kwake.

Unasema “akijua, najua ameniacha.” Nimetafuta kwenye barua yako ni wapi umelijulia hilo, sijapaona. Nimeona baba yake ni maalimu. Nimeona kwao neno bangi halitamkwi. Kwao wapi Pwani linatamkwa? Hata hapo kwenu Tanga, kijana akiitwa mvuta bangi amekwisha, na bangi bado ni haramu kwa sheria ya Tanzania mpaka leo. Aibu hiyo umekuja nayo kwenye sanduku, nami naielewa, nililelewa nayo. Ila mwanamke uliyenielezea mimi ni huyu: kila mwaka amekuuliza, hakukulazimisha; mwisho akafungua fomu, akakuandikia jina, na yuko tayari kulipa dola 710 iwe zawadi. Huyo naona anahangaika na mlango ambao hajui kwa nini umefungwa. Huenda ameshajitungia sababu zake. Mke anayeambiwa “pesa” miaka yote hiyo hujitungia, na anazotunga huwa mbaya kuliko gramu 12. Huenda anadhani una mke mwingine Tanga. Usicheke.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Lakini sitakwambia umwambie leo. Kuna hatari ya kweli: anaweza kuumia, na kitakachomuuma zaidi ni miaka aliyofichwa, kuliko ile bangi. Anaweza kumwambia baba yake kwa hasira. Unaweza kumwomba kabla hujaanza kusema kwamba habari hii ibaki kati yenu wawili kwanza. Na fikiria upande wa pili pia: huo msamaha niliokutajia unasimama juu ya ushuhuda wake. Kwenye usaili wa uraia anaweza kuwa amekaa nje akikusubiri. Siku ukizuiwa uwanja wa ndege, wa kwanza kupigiwa simu ni yeye. Je, unataka alisikie kwa afisa?

Kama mdomo unakuwa mzito, mpe barua hii aisome. Umeiandika vizuri. Hukujisafisha, hukumsingizia rafiki. Ile sentensi ya “ilikuwa yangu” mimi ilinifanya nikuheshimu, na sikujui hata sura.

Jambo moja la mwisho kuhusu yule mzee mwenye mkongojo. Nimehisi hasira yako nyuma ya maneno, na hukuipa nafasi. Ipe. Ni uonevu kwamba kitu kilekile kwa mwingine ni risiti na kwako ni usiku wa mahabusu na miaka ya kujificha. Walioandika sheria ya Illinois waliliona, ndiyo maana waliweka kufuta rekodi ndani ya sheria ileile ya kuuza. Hawakuweza kukufutia na lile daftari la Washington. Hukukosea kukaa ndani ya gari ukimwangalia.

Ile fomu iliyo chini ya kiti itoe, isilowe kama ile ya kwanza. Jumatatu, kabla ya kulala baada ya zamu, pita kwa karani wa mahakama. Ukipata namba ya kesi niandikie, hata mstari mmoja.

Na Jumapili hii, dada akipiga, usimwachie aongee yeye tu. Mwambie amwekee mama simu upande wa kulia.